Koti la Kidomodomo

Ukitaka kumtibua Chenga, mwoneshe katuni iliyojazwa mikwaruzo halafu umwambie kwamba hivyo ndivyo runinga ya zamani ilivyokuwa. Atakuuliza uliiona wapi. Atakukalisha chini, na utake usitake utasikia: mikwaruzo na vinywele vinavyorukaruka ni vya filamu ya sinema, ile iliyopita kwenye mashine ikachubuka. Runinga haikuwa na cha kuchubuka. Runinga ilikuwa na mistari myembamba iliyolala kutoka juu mpaka chini, ilikuwa na kivuli cha pili kilichomganda mtu begani, ilikuwa na picha inayopanda na kuzunguka mpaka mwenye nyumba aitie kofi la ubavuni. Na ilikuwa na chenga, zile punje nyeusi na nyeupe zinazochemka kioo kizima mawimbi yakipotea. Jina lake lilitoka hapo. Utotoni alikuwa hataki kubanduka mbele ya kioo hata vipindi vimekwisha na zimebaki chenga tupu, kwa sababu alikuwa akimngoja mtu wake atoke mle ndani.

Mtu mwenyewe alikuwa kikaragosi cha kuvaa mkononi, akiitwa Kidomodomo. Nchi nzima ilimjua. Kila Jumamosi alikuwa anatoa siri za watu kwenye kipindi cha watoto, nani kala sukari, nani kajificha chini ya kitanda siku ya kuoga, na akishaitoa anajitetea: "Sisemi mimi, domo ndilo linasema!" Watu wazima wa leo wakisikia maneno hayo hucheka kabla hawajajua wanacheka nini. Na asubuhi ile ya Jumatatu, miaka arobaini baadaye, Chenga alikuwa ameketi katika ofisi ya mkurugenzi wa kituo cha runinga, akimtazama Kidomodomo ndani ya kabati la kioo, kavaa koti la kahawia.

"Wewe ndiye unayeitwa Chenga?" mkurugenzi aliuliza. Alikuwa na miaka sitini na sita, mvi zimechanwa zikachanika, na sauti bado ni ile ya mtangazaji, ya kumsomea mtu salamu kama anamsomea hukumu.

"Ndiye, mkurugenzi."

"Nasikia katuni ukizishika wewe zinazeeka."

"Zinazeeka zikitaka kuzeeshwa."

Akacheka. "Haya. Kituo kinatimiza miaka hamsini, na siku hiyohiyo mimi nastaafu. Nataka katuni ya dakika tatu. Nyeusi na nyeupe, ifanane kabisa na runinga yetu ya siku zile, mtu akiona aseme lo, jamani, nimerudi nyumbani kwetu. Hadithi yenyewe ni jinsi nilivyomzaa Kidomodomo."

Kalamu ya Chenga ikasimama juu ya karatasi.

"Ulivyomzaa," alisema.

"Nilivyomzaa. Kijana mtangazaji, hana kitu, ana soksi moja na ndoto. Unaona picha hiyo? Halafu mwishoni rangi ziingie. Taratibu, kama mtu anayezinduka. Koti liwe kahawia kama hilo hapo. Rangi zikishaenea, mimi napanda jukwaani naye mkononi. Yote yanarushwa moja kwa moja. Na usisahau mikwaruzo."

"Mikwaruzo ni ya filamu, mkurugenzi. Runinga ilikuwa na chenga."

"Binti," alisema, akatabasamu kwa huruma, "wewe ulikuwa hujazaliwa."

Thubutu! Alikuwa amezaliwa, tena alikuwa na miaka minne na surua. Alikuwa amelala kwenye chumba kilichofungwa mapazia, macho yanamwasha, na mama yake, fundi cherehani wa chumba cha mavazi katika kituo hikihiki, akachukua soksi ya zamani, vifungo viwili na kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye gauni la mwimbaji, akamshonea mwenzake wa kuongea naye, mwenye koti. Sauti aliitoa puani. Siku tisa Kidomodomo alikaa kitandani akitoa siri za majirani, na mtoto akacheka mpaka homa ikaona haya. Siku ya kumi mama akaenda naye kazini ili amkaze kifungo cha jicho, na mtangazaji mmoja kijana akamwona mezani.

"Niazime wiki moja tu, dada," alisema. "Jumamosi nina dakika kumi za watoto na sina hata cha kuwaambia."

Mama akamwazima. Wiki ikazaa mwezi. Alipomwendea mara ya kwanza aliambiwa kipindi kimependwa, avumilie. Mara ya pili akaambiwa mambo ya kituo si ya mafundi cherehani. Mara ya tatu aliuliza mbele za watu, na Ijumaa iliyofuata akakabidhiwa barua kwamba kazi yake imekwisha. Nyumbani mtoto alikuwa akiuliza kila siku, Kidomodomo atarudi lini, na mama akijibu kila siku, wiki ijayo. Mtoto wa miaka minne haielewi runinga. Alidhani wamemfungia mle, na kwamba akikaa karibu na kioo ataona mlango.

Basi usidhani Chenga aliingia kituoni pale kwa bahati. Kazi angepata popote, mikono yake ilikuwa inajulikana. Aliomba pale kwa sababu alitaka siku moja amkaribie yule mtu, ingawa alikuwa hajui akimkaribia atafanya nini. Miaka mitatu alimpita kwenye ujia akimsalimia. Sasa mtu mwenyewe alikuwa amemwita, akampa kiti, na akamwagiza apambe wizi uleule kwa mkono wake.

"Sawa, mkurugenzi," alisema, akatoka, akashuka ngazi akiwa hazioni.

Jioni alimkuta mama barazani akichambua maharagwe, sinia mapajani, miwani puani.

"Mama, leo mwizi wako kanipa kazi. Nitengeneze katuni ya jinsi alivyomzaa Kidomodomo."

"Alivyomzaa?" Mama akainua uso. "Uchungu ulimshika akiwa wodi gani?"

"Mimi sicheki, mama."

"Na mimi sijacheka, nauliza wodi."

Chenga akamweleza yote, soksi na ndoto, chenga na mikwaruzo, rangi zitakazoingia taratibu, koti la kahawia. Hapo mama akamkatiza.

"Koti la nini?"

"La kahawia. Ndivyo alivyo kwenye kabati lake."

Mama akaweka sinia chini. Mabega yakaanza kutikisika, kisha tumbo, kisha miwani ikaanguka kwenye maharagwe, na bibi wa miaka sabini na mbili akacheka mpaka akashika nguzo. "Kahawia!" alisema. "Kumbe mpaka leo! Ee Mungu wangu, mpaka leo!"

"Mama, hebu sema na mimi nicheke."

"Yule mtu hatofautishi nyekundu na kijani, mwanangu. Kwake vyote ni matope. Siku moja alikuja kazini soksi moja nyekundu, moja ya kijani. Mimi nikadhani ni mitindo ya watangazaji. Kijana mmoja wa mitambo akamtania, na kesho yake kijana hana kazi. Tangu siku hiyo tukajua wote na tukanyamaza wote."

"Lakini macho si kosa lake."

"Nani kasema ni kosa? Macho kapewa na Mungu. Domo la kumfukuza mtu kwa sababu ya soksi kajipa mwenyewe." Akaokota miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni. "Sasa ngoja nikwambie jambo sijawahi kukwambia. Kabla hawajanifukuza, Kidomodomo alipasuka kifuani. Vya kushonwa vyote vilikuwa vinakuja kwangu, basi akaletwa. Nikakaa naye mchana mzima. Kumtia kwenye mkoba niondoke siwezi, walinzi wanapekua. Kumwacha aende hivihivi, roho inakataa. Nikachukua uzi mwekundu, nikamtarizi kifuani herufi kubwa kubwa."

"Ukaandika nini?"

"Nimeazimwa, nirudishwe."

Chenga alimtazama kama anamwona mara ya kwanza.

"Na hakuona?"

"Aone wapi? Nyekundu juu ya kijani. Alipapasa kifua akaniambia, afadhali umekaza vizuri, hapa palikuwa panalegea. Nikamwambia karibu." Mama akaanza kutikisika tena. "Studio nzima ilisoma, mwanangu. Wapiga picha, watu wa taa, mfagiaji. Kila Jumamosi wanamwona mwizi amemwinua Kidomodomo hewani na kifua kimeandikwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia, nani ataka kufukuzwa kwa soksi? Ila nchi haikuona. Uzi ule na kitambaa kile kwenye runinga vilitoka kijivu kimoja. Nilihakikisha kwanza, nikamwomba mpiga picha aelekeze kamera, tukatazama kioo, hakuna hata herufi."

"Halafu ikawaje?"

"Mimi nikafukuzwa. Miaka miwili baadaye zikaja runinga za rangi. Mpiga picha akaogopa, akamtupa Kidomodomo kwenye tanuri la taka, akasema ameliwa na panya. Alikuja hapahapa kunieleza, analia mtu mzima. Ndipo yule mtangazaji akashonewa huyo wa pili, na nadhani alimwelekeza fundi mwenyewe: koti lilikuwa kahawia." Akavuta sinia mapajani. "Basi. Yamepita."

"Hayajapita. Za mwizi arobaini."

"Siku, mwanangu. Siku arobaini."

"Wewe hesabu siku. Mimi nahesabu miaka, na imetimia."

Mama alichambua maharagwe, akatupa bovu moja, akatupa la pili. "Watakufukuza," alisema.

"Wewe walikufukuza bure, mama. Mimi angalau nifukuzwe kwa sababu."

Wiki tatu zilizofuata Chenga hakula chakula cha mchana na mtu. Chumba cha katuni kilikuwa mwisho wa ujia, madirisha yamebandikwa karatasi nyeusi jua lisije likapotosha rangi, na yeye alikaa kona ya ndani. Wenzake walishangaa kumwona anachora kila kitu kwa rangi kamili ilhali kazi inatakiwa ya kijivu. Aliwaambia mzee mwenye kazi anataka rangi mwishoni. Huo haukuwa uongo.

Kijivu kina mambo yake. Ukiiondoa rangi kivivu, kila kitu kinakuwa uji. Kila rangi ina uzito wake ikigeuka kijivu: kijani hutoka chepesi, nyekundu huzama, bluu huzama zaidi. Ndiyo maana kijani cha koti alikipunguza mpaka kikakaribia giza, na nyekundu ya herufi akaipandisha mpaka ikawa kali ya kuumiza jicho. Akavipima, akaviondolea rangi, akaona herufi moja bado inachungulia. Akarudi. Siku mbili zilimwendea kwenye herufi kumi za neno la kwanza, maana kitambaa kilikuwa na mikunjo, na kila mkunjo ulikuwa na mwanga wake. Siku ya tatu aliondoa rangi na kifua kikawa kitupu. Akarudisha rangi: NIMEAZIMWA. Akaondoa, hakuna. Alicheza hivyo kama mtoto na swichi ya taa, na kila neno lilipotokea roho yake ilisema, ngoja tu.

Mengine alifanya kwa heshima yote ya kazi. Alipunguza idadi ya picha kwa sekunde ili mwendo ukwame kidogo. Alilegeza kingo, akauvujisha weupe, shati la mtangazaji likawa linang'aa hata kupita mipaka yake. Alilaza mistari. Aliviringisha pembe za kioo. Chenga za kuazima kutoka kwenye maktaba ya kompyuta alizikataa, akaenda kwa fundi mmoja mwenye runinga nzima ya zamani, akaiwasha, akaweka kamera mbele yake. Zikaanza kuchemka. Alikuwa amepanga kurekodi dakika mbili akajikuta amekaa nusu saa, mikono magotini, mwanamke wa miaka arobaini na minne, anatafuta mlango. Fundi alimletea maji bila kuuliza. Njiani kurudi aliapa kwa hasira kwamba mtu huyu hatamwacha na hata kifungo kimoja.

Ila kulikuwa na kikwazo. Mkurugenzi alitaka kuona rangi za mwisho kabla ya sherehe. Chenga alimpelekea picha moja tu, Kidomodomo wima, koti la kijani kilichokolea, herufi nyekundu kifua kizima, kubwa kiasi kwamba hata mtu wa barabarani angezisoma. Aliweka kompyuta mezani, akageuza kioo. Kama mama alikosea kuhusu macho yale, mambo yangeishia hapohapo, na yeye angetoka na sanduku.

Mkurugenzi aliinama. Akavaa miwani. Akaitazama picha, akalitazama kabati, akarudi kwenye picha.

"Mbona koti..." alisema.

Chenga akaweka mkono juu ya kompyuta, tayari kuifunga.

"Mbona koti limekunjamana begani? Mnyooshe kidogo, ni sherehe."

"Nitamnyoosha."

"Kahawia yake ni yenyewe kabisa. Umepatia."

Wakati huohuo sekretari aliingia na chai, mama mmoja mnene wa makamo aliyebakiza miezi michache astaafu, mtaratibu, asiyemjibu mtu zaidi ya maneno matatu. Akapita nyuma ya bosi wake. Macho yakaangukia kioo. Kikombe kikagonga kisahani.

"Unaonaje, bi?" mkurugenzi aliuliza. "Amefanana?"

Sekretari alisoma. Akasoma tena, midomo ikitembea.

"Amefanana sana, mkurugenzi," alisema sekretari. "Nisingeongeza kitu."

Mkurugenzi akasaini karatasi ya idhini. Kwenye ujia sekretari alimfikia Chenga, akamshika kiwiko, akasogeza kinywa sikioni. "Nilianza hapa kama mpiga chapa," alisema. "Jumamosi nilikuwa napita studio makusudi kusoma koti. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mlete. Nitamwekea kiti cha mbele. Na kazi nzima ikitoka, mtu wa kwanza na wa mwisho kuiona kabla ya siku ni mimi. Atakayeuliza nitamwambia imeshasainiwa." Akaenda zake, visigino vikilia kama kawaida. Mkurugenzi alikuwa na mambo mengi wiki ile, hotuba, suti, orodha ya wageni. Hakuiulizia tena katuni, na hapo Chenga akawa amempiga chenga ya mwisho.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, watu wa suti mbele, wafanyakazi nyuma, wastaafu wamepangwa safu ya pili. Mpiga picha wa zamani alikuwepo, kakonda, fimbo katikati ya magoti. Mama alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, akakaa, mkoba mapajani, Chenga pembeni yake. Kamera tatu zilikuwa zinarusha moja kwa moja.

Taa zikazimwa, na kwenye kioo kikubwa zikachemka chenga. Ukumbi mzima ukasema "aaah", ule wa mtu aliyekutana na kitu cha kwao. Picha ikapanda, ikazunguka mara mbili, ikatulia. Kijana mtangazaji, shati linang'aa, ana soksi na ndoto. Watu wakapiga makofi. Kidomodomo wa kijivu akainuka mkononi mwake, kivuli cha pili kikimfuata, kifua kitupu, na akatoa siri moja baada ya nyingine. Chenga alimwona mkurugenzi pembeni mwa jukwaa, yule wa kahawia yuko mkononi tayari, anafuta jicho. Ndiyo, alikuwa analia kwa raha. Chenga akajiuliza kama atamhurumia, akajikagua vizuri, akaona hamhurumii hata kidogo.

Kisha Kidomodomo akasogea mbele peke yake mpaka akajaza kioo. Rangi zikaanza chini. Kijani kikapanda taratibu kwenye pindo la koti, kikafika tumboni, kikafika kifuani, na hapo nyekundu ikawaka.

NIMEAZIMWA. NIRUDISHWE.

Halafu kwenye safu ya pili mtu akaangua kicheko, kikavu, cha kukohoa. Mpiga picha alikuwa anagonga sakafu kwa fimbo, machozi yanamtoka. "Amefufuka!" alisema. "Jamani, amefufuka na koti lake!" Wastaafu wakadakia, mmoja akasimama, mwingine akajishika mbavu, na wasiojua lolote wakacheka kwa kuambukizwa.

Mkurugenzi akadhani ni furaha. Akapanda jukwaani mikono juu, akasimama chini ya maandishi, akamwinua yule wa kahawia, akabana pua. "Sisemi mimi, domo ndilo linasema!"

Kicheko kikapasua dari. Akainama, akashukuru, akarudia tena. Lakini mara ya tatu watu walikuwa wameshaanza kunyamaza, wanamtazama yeye, wanatazama kioo, wanamtazama tena. Tabasamu likaanza kumtoka. Akageuka nyuma. Alitazama kioo kwa muda mrefu.

"Kuna nini?" aliuliza kwenye kipaza sauti. "Nimefanya nini?" Akamtafuta sekretari wake kwa macho. "Bi, kuna kitu pale?"

Sekretari akasimama. "Kuna maandishi, mkurugenzi. Nisome?"

"Soma."

"Nimeazimwa, nirudishwe."

"Yako wapi? Mimi naona koti tu. Koti la kahawia."

"La kijani," walisema watu. Si mmoja. Safu ya pili yote ilisema, na nyuma pia wakasema, na yeye akasimama pale na siri ya miaka yote imemwagika mbele ya kamera tatu, haoni kilichomwaibisha.

Ndipo ikasikika sauti ya puani. Haikuwa na kipaza sauti na haikukihitaji. Kila mtu mzima ukumbini aliijua tangu utotoni, ila hii ilikuwa na kakicheko kadogo mwishoni ambako mkurugenzi kwa miaka yote hakuwahi kukapatia.

"Sisemi mimi," ilisema, "domo ndilo linasema. Ulinichukua mezani kwa mama nikiwa namngojea mtoto mwenye surua. Ulisema wiki moja, dada. Wiki imekwisha, babu."

Mkurugenzi alimwona, bibi wa gauni la kijani, ambalo kwake lilikuwa matope. Lakini sauti haina rangi. Alimjua hapohapo, na uso ukamporomoka. Akashuka jukwaani ngazi moja moja, kamera zikimfuata, mpaka akafika mbele yake. Akamvua yule wa kahawia mkononi, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Mama hakumpokea.

"Huyo ni wako," alisema, sasa kwa sauti yake ya kawaida. "Umemzaa mwenyewe. Wangu ana koti la kijani."

Akasimama, akapachika mkoba begani, akamshika Chenga mkono kama wanavuka barabara.

"Twende nyumbani," alisema. "Si nilikwambia wiki ijayo?"

Wakatoka kwa kupita katikati ya viti, na watu wakiwapisha magoti. Nyuma yao Kidomodomo alibaki kwenye kioo kikubwa, domo wazi, kifua kimeandikwa, na hakuna hata mtu mmoja wa mitambo aliyekuwa na haraka ya kumzima.